Kompyuta Ikiamka, Nani Aiwashe Redio?

Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, haijaungwa na gridi ya taifa. Kompyuta za ofisini na shuleni hupata umeme wa sola au wa jenereta, kwa hiyo mtu akiinuka kidogo hufunga mfuniko, mashine ilale, betri isiishe bure. Kila inapoamka kuna uamuzi unaopita bila kuonekana: redio ya waifai iwake, au ibaki imezimwa?

Redio hiyo huzimwa kwa njia mbili. Ipo swichi ya kusukuma kwa kidole, kama ile ya ukingoni mwa ThinkPad T61. Hiyo ikifungwa, hakuna programu inayoweza kuipinga. Ipo pia amri ya programu, ile ya kubonyeza alama ya ndege kwenye skrini. Katika mfumo endeshi wa Linux, njia zote mbili husimamiwa na sehemu iitwayo rfkill, iliyoingizwa mwaka 2007, kisha mwandishi wa programu Johannes Berg akaiandika upya mwaka 2009.

Matata huanza mashine ikilala.

Kadi ya waifai inaweza kukatiwa umeme ikasahau ilikuwa katika hali gani, na rfkill nayo huacha kuichunguza swichi. Abiria anayesubiri ndege Kasongo anaweza kuisukuma swichi hiyo mfuniko ukiwa umefungwa, na kompyuta isijue. Ndiyo maana rfkill huweka amri ya mwisho ya mtumiaji kwenye kumbukumbu, ambayo hubaki na umeme muda wote wa usingizi. Mashine ikiamka, huirudisha amri hiyo kwa kadi, kisha huanza tena kuichungulia swichi. Vifaa vyenye kumbukumbu yao ya kudumu huachwa vilivyo.

Na betri ikikata kabisa, jambo la kawaida kwa anayetegemea jua? Hapo programu nyingine ya Linux, systemd, husaidia: huandika hali ya redio kwenye diski, na kuirejesha kompyuta inapowashwa.

Utaratibu huu ni wa haki. Redio inayojiwasha yenyewe hula chaji kwa kutafuta mitandao ambayo hakuna aliyeihitaji. Inayokataa kuwaka humpeleka mwalimu kwa fundi na kumtoa pesa kwa kadi isiyo na ugonjwa wowote.

Kwa hiyo waifai ikipotea baada ya mashine kuamka, papasa kwanza ukingo wa kompyuta. Kisha, kwenye dirisha la amri, andika rfkill list. Ukiona “Hard blocked: yes”, mara nyingi dawa ni swichi; ukiona “Soft blocked: yes”, andika rfkill unblock wifi.