Mvua Inapogonga Bati

Je, mama mwenzetu, umewahi kumwona mtu mzima akiruka kitandani kwa sababu tu lori limemwaga kokoto barabarani? Kwetu Katesh, wilayani Hanang, jambo hilo halituchekeshi. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo yaliteremka mpaka kwenye makazi ya watu, na zaidi ya watu 80 walifariki dunia. Wengi wetu tulisikia mngurumo kabla ya kuona tope.

Tope liliondolewa na barabara zikapitika tena. Lakini mngurumo ule ulibaki masikioni.

Mama mmoja wa kikundi chetu alitueleza kwamba mwanawe wa miaka saba alianza kukojoa kitandani kila mvua iliponyesha usiku. "Nilimchapa nikidhani ni uvivu," alisema huku akilia. Tulipomuuliza yeye mwenyewe hulalaje usiku wa mvua, alinyamaza. Kisha akakiri kuwa halali. Hukaa karibu na mlango, amevaa viatu, na kitenge cha kumbebea mtoto kiko begani.

Sisi wauguzi tunajua kuwa huo si wazimu, wala si upungufu wa imani. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotulinda na hatari, nayo hufanya kazi upesi kuliko fikra zetu. Siku ya maafa huishika sauti iliyoambatana na hatari. Baadaye, sauti inayofanana nayo ikisikika, mwili hujihami kabla hatujafikiri: moyo huenda mbio, jasho hututoka, tumbo hukaza. Mtoto hachagui kuogopa, na mama yake pia hachagui.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusimchape wala kumcheka mtoto. Tumshike, tumwambie kwa sauti ya chini, "Hiyo ni mvua juu ya bati. Mama nipo hapa." Mchana tumwonyeshe lori likimwaga kokoto, ili ajue sauti ile inatoka wapi. Akitaka kusimulia au kuchora, tumsikilize, lakini tusimlazimishe.

Nasi akina mama tukishikwa na hofu, tukanyage sakafu kwa miguu yote miwili, tutoe pumzi polepole, na tutaje vitu tunavyoviona: taa, meza, ndoo.

Hata hivyo, tusidharau hatari ya kweli. Tahadhari ya mvua kubwa ikitolewa, tuhame mapema. Familia iliyokubaliana njia ya kupita na mahali pa kukutana hulala kwa utulivu zaidi.

Hofu ikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, ikatunyima usingizi au kutushinda kufanya kazi, twende kituo cha afya tukaeleze bila aibu. Yapo matibabu, na mengi huanza kwa mazungumzo tu.

Mtoto wa mama yule bado hukojoa kitandani mara mojamoja, lakini hachapwi tena. Na siku hizi mvua ikinyesha, viatu vya mama huwa mlangoni, si miguuni.