Nyumba Njema si Mlango: Habari za Kutazama Makao Mapya

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Maana yake ni kwamba apitaye njiani huuona mlango tu, jinsi ulivyochongwa nakshi, akaisifu nyumba yote. Lakini kama paa lavuja, au kisima kimekauka, wajuao ni wale wakaao ndani. Methali hii hutumiwa sana kwa habari za ndoa na urafiki. Sisi twaona yafaa pia kwa jambo liwapatalo walimu na wachungaji wengi, yaani kwenda kutazama mahali pa ugenini kabla ya kuhamia pamoja na jamaa zao.

Kwanza tuyaangalie maneno yenyewe. Kiswahili chapambanua kutazama, kutembelea, kuhamia na kukaa. Atazamaye hutumia macho yake, atembeleaye hukirimiwa, ahamiaye huleta mizigo yake, bali akaaye hushiriki njaa na shibe ya wenyeji. Tena neno kukaa lina maana mbili, kuketi na kuishi mahali. Nasi twaona maana hizo zimepatana vema, kwani haishi mahali kwa kweli yeye asiyeketi na watu wa mahali pale. Mgeni naye ana siku zake: mbili hulishwa, na ya tatu hupewa jembe. Basi aendaye kutazama makao kwa siku mbili huuona ukarimu, wala halioni jembe.

Mfano mkubwa wa jambo hili twaupata katika habari za Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society. Alipozuiwa kurudi Uhabeshi, alitaka kuwafikia Waoromo kwa njia ya pwani. Mwezi wa Novemba 1843 yeye na mkewe Rosine waliondoka Aden kwa chombo cha Waarabu, wakakaribia kuzama. Januari 1844 Krapf akaiona Mombasa kwa mara ya kwanza, kisha akaendelea Unguja, ambako Seyyid Said alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Machi akarudi kuitazama Mombasa, akaona yafaa, maana ina bandari njema, na bara i karibu. Mei akahamia pamoja na mkewe.

Msomaji na aiangalie miezi hiyo. Januari ni wakati wa kaskazi: mvua ni haba, bahari yapitika, na mji wapendeza macho. Lakini Mei ni katikati ya masika, nao ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote pale Mombasa. Maji hutuama, na mbu huzaana. Krapf alionyeshwa mlango wakati wa kaskazi, akaingia ndani wakati wa masika. Mwezi wa Julai homa ikawashika wote wawili. Tarehe 13 Rosine akafa, na mtoto wao wa kike, aliyekuwa amezaliwa siku chache tu kabla ya hapo, akamfuata. Rosine alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Hatusemi haya kwa kumlaumu. Siku zile watu walidhani kwamba homa hutoka katika hewa mbaya, na ndiyo maana ya neno malaria katika Kiitalia. Hata mwaka 1897 ndipo Ronald Ross alipoonyesha kule Uhindi kwamba vijidudu vya homa hiyo hukua ndani ya mbu. Basi hata kama Krapf angalitazama kwa macho makali kuliko ya tai, asingalimtambua adui yake. Lakini fundisho lasalia: atazamaye makao huona msimu mmoja tu, naye akaaye atapitiwa na misimu yote.

Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, na hao wawili wakatafuta makao katika vilima vya Rabai, kwa watu waitwao siku hizi Wamijikenda. Hapo hawakutazama nchi tu. Walikwenda kwa wazee, wakawaeleza nia yao, wakaomba ruhusa. Na wazee wakakubali. Agosti wakahamia, hali Krapf ni mgonjwa. Vilima havikuiondoa homa, lakini palikuwa na neno lililo kubwa kuliko hewa njema, yaani ukubali wa wenyeji. Rebmann alidumu katika kazi hiyo mpaka mwaka 1875.

Desturi zetu zafundisha neno lilo hilo. Mtu hupiga hodi, kisha hungoja. Hodi si taarifa kwamba nimekuja, bali ni ombi, na mwenye nyumba aweza kunyamaza. Aendaye kupima vyumba na kuchagua kivuli cha mwembe kabla ya kusikia "karibu" amekwisha kuingia bila hodi, ingawa hajavuka kizingiti.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Tulipohamishiwa shule moja ya mbali, tulitangulia peke yetu kuitazama nyumba ya mwalimu. Mvua zilikuwa zimekwisha juzi juzi tu. Kisima kilijaa, nasi tukarudi tukamsifia mama watoto. Tukahamia. Kiangazi kilipofika kisima kikakauka, na yeye na binti zetu wakawa wakitoka alfajiri kwenda mtoni, wakirudi jua limepanda. Siku moja akatuambia, "Baba, ungalinichukua siku ile, ningalimwuliza jirani neno moja tu: mwachota wapi wakati wa jua kali?" Hatukuwa na jibu. Sisi tuliuliza habari za madawati na funguo.

Kwa hiyo twawasihi ndugu zetu, na wale walio na mamlaka ya kuwatuma, wayashike mambo manne. Mke asiachwe nyumbani siku ya kutazama, maana yeye ataona yale ambayo mume hayaoni. Waulizwe wakaao, hasa wanawake na wazee, habari za mwezi ulio mbaya kuliko yote katika mwaka. Maneno machache ya lugha ya mahali yajifunzwe mapema, ili maswali hayo yasipitie kinywani mwa mkalimani peke yake. Na juu ya yote, ombi lifike kwa wenyeji kabla ya mizigo.

Afanyaye hivyo huenda akaona mlango usiopendeza, wenye kutu na mchwa. Asivunjike moyo upesi. Methali yetu hukata kuwili: kama vile mlango mzuri waweza kuficha kisima kikavu, mlango mbovu nao waweza kuficha watu wema.