Pikipiki kuukuu yaweza kuwa mtaji au kesi

Si kila pikipiki iliyotelekezwa uani ni chuma chakavu. Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1958, ina injini rahisi kufungua, na kazi yake haiwashindi mafundi wa Gerezani, jirani na soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Silinda iliyolika hukerezwa na kufungwa pistoni iliyozidi kwa robo milimita. Fremu iliyoliwa na kutu huchomelewa.

Hasara kubwa huanzia kwenye karatasi. Kabla hujatoa hata shilingi, linganisha namba za injini na fremu na zile za kadi ya usajili. Zikitofautiana, pikipiki itawaka vizuri, lakini mnunuzi anaweza kuishia kituo cha polisi.