FUNGUO ZA NYUMBA ZIKAE NA MWENYE NYUMBA

Desturi ya watu wa pwani, tangu enzi za mababu, ni kwamba mgeni hapiti mlango wa mtu bila ya kupiga hodi, na hodi ya tatu isipoitikiwa hugeuka akarudi alikotoka. Heshima hiyo ya nyumba ndiyo heshima ya barua na ya mazungumzo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inamhakikishia kila mtu hifadhi ya maisha yake ya faragha na ya mawasiliano yake. Kwa hiyo anayetaka kulinda barua zake asidhaniwe kuwa mwizi.

Sisi wa Tanga tunayo sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Mwezi Novemba 1914 jeshi la Waingereza lenye askari wapatao 8,000 lilishuka hapa chini ya Jenerali Aitken, likapigwa na jeshi dogo la Wajerumani la watu wapatao 1,000. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni kwamba habari za safari hiyo zilitangulia kufika. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba barua zilizotekwa zilimwarifu juu ya ujio huo. Barua isiyofungwa vema iligharimu roho za watu.

Leo barua zetu hupita hewani na katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Karani wa chama cha ushirika wa Muheza anayetuma orodha ya malipo ya wakulima kwa kutumia intaneti ya hotelini, hupitisha karatasi zake mikononi mwa watu asiowajua. Dawa inayotumiwa na wengi ni mtandao binafsi, maarufu kwa jina la VPN: njia iliyofungwa kama handaki, ambamo maneno husafiri yakiwa yamegeuzwa kuwa fumbo hadi mwisho wa handaki.

Lakini handaki hilo ni la nani? Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Vijana wetu hupakua VPN za bure bila ya kujiuliza anayelipa gharama ni nani. Mwaka 2013 kampuni ya Facebook ilinunua kampuni ya Onavo, ambayo programu yake ilinadiwa kuwa ni kinga ya siri za mtumiaji. Kumbe kinga hiyohiyo ilikuwa ikikusanya habari za programu anazotumia kila mtu, kwa faida ya wenye kampuni. Iliondolewa katika duka la Apple mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni mbili za kundi hilo faini ya jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na hapa kata ilikuwa mkononi mwa mgeni.

KUJITEGEMEA

Njia ya kujitegemea ipo, wala haihitaji utajiri. Yatosha kompyuta ndogo ya kukodi, au ile iliyopo ofisini iwapo mtoa huduma ataipa anwani yake maalum ya kudumu, kwa maana mitandao mingi ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya kushirikiana. Juu yake huwekwa mfumo wa OpenBSD, ulioasisiwa mwaka 1995 na Theo de Raadt wa Kanada, ambao hutolewa bure na ambao watengenezaji wake hutanguliza usalama kuliko mapambo. Tangu toleo la 6.8 la Oktoba 2020, mfumo huo umebeba ndani yake WireGuard, kazi ya Jason Donenfeld, ambayo ndiyo inayochimba handaki.

Kazi yenyewe ni ya hatua chache. Kila chombo, iwe seva au simu, hutengenezewa funguo mbili: wa siri, usiotoka kamwe ndani ya chombo hicho, na wa wazi, unaopewa mwenzake. Seva huandikiwa katika faili moja, hostname.wg0, orodha ya funguo za wazi inazozikubali. Kisha huruhusiwa kupitisha mizigo ya wengine. Mlinzi wa mlangoni, aitwaye pf, huamriwa kufunga milango yote isipokuwa ule wa handaki, ambao kwa kawaida ni namba 51820, na ule wa mwangalizi. WireGuard haiitikii hodi ya asiyekuwamo katika orodha; hukaa kimya kana kwamba nyumba haina mtu. Simu ikiibiwa, ufunguo wake hufutwa, na kazi ya wengine huendelea. Baada ya hapo sharti mwangalizi aweke viraka vinapotolewa, na toleo jipya kila miezi sita. Nyumba isiyokarabatiwa huanguka.

Hata hivyo tusidanganyane. Handaki halimfichi mtu kwa kila jicho: aliyekukodisha seva anaona inakoelekea. Wala halisaidii pasipokuwa na barabara. Intaneti ilipozimwa nchini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mwenye VPN na asiyekuwa nayo walikaa gizani pamoja.

Tena iko sheria. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaohitaji VPN kwa kazi zao wajisajili kufikia tarehe 30 ya mwezi huo, ikikumbusha adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Chama cha ushirika, zahanati na shule zitii agizo hilo kabla ya kuanza kuchimba.

Lakini utii una haki yake. Tunasema wazi kwamba kujisajili ni kueleza nyumba iko wapi na mwenyewe ni nani; si kukabidhi funguo. Viongozi wanaoona kila handaki kuwa pango la wezi watawasukuma wananchi waaminifu kwenye VPN za bure za ng'ambo, ambako hatuna mlinzi wala hakimu. Afadhali kijana wa Ngamiani afundishwe kuitunza seva ya chama chake, aandikishwe, na aaminiwe. Amana ya wakulima italindwa na wenyewe, hapa hapa.