'Yanco': Sinema ya Mexico iliyozungumza kwa fidla

WAPENZI wa sinema za kale za Mexico aghalabu humtaja Luis Buñuel, au 'Macario' ya mwaka 1960, filamu ya kwanza ya nchi hiyo kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ni wachache wanaoikumbuka 'Yanco', ya mwelekezi Servando González, iliyotolewa 1961.

Mhusika mkuu ni Juanito, mvulana wa jamii ya wenyeji asilia anayeishi na mamaye katika kijiji chenye mifereji ya maji. Masikio yake ni mepesi kupita kiasi. Kelele ambazo wengine hawazijali humtesa, naye hukimbilia mahali penye utulivu, ambako hupiga fidla aliyojiundia mwenyewe.

Mzee mmoja mwanamuziki anamsikia, kisha anaanza kumfunza kwa fidla yake, ambayo ameipa jina Yanco. Mzee huyo anapofariki, fidla inaishia dukani, mbali na uwezo wa mtoto wa maskini. Juanito anaanza kuichukua kwa siri usiku, kuipiga gizani na kuirejesha kabla ya mapambazuko. Wanakijiji, wanaposikia muziki wa marehemu ukivuma usiku wa manane, wanaamini ni mzimu. Hofu hiyo ndiyo inayozaa msiba.

Jambo la ajabu ni kwamba haya yote yanasimuliwa karibu bila mazungumzo. Si mbwembwe za mwelekezi. Mtazamaji aliyenyimwa maneno hana budi kusikiliza jinsi Juanito anavyosikiliza: maji, ndege, hatua za watu, na makelele yanayomuumiza. Laiti kungekuwa na mtu mzima wa kueleza iwapo mtoto huyu ni mgonjwa au ana kipawa, utamu wote ungepotea. Filamu hii haijaribu hata kidogo kumponya.

Huenda hicho ndicho kilichoiponza. Haina nyota mashuhuri wala nyimbo za mapenzi zilizozoeleka katika sinema za Mexico, na ilitokea wakati enzi ya dhahabu ya sinema hizo ilikuwa imefifia. González mwenyewe, aliyefariki 2008, hutajwa zaidi kwa 'Viento negro' ya 1965, inayohusu wajenzi wa reli jangwani.

Hata hivyo, asiyejua neno moja la Kihispania anaweza kuitazama 'Yanco' hadi mwisho bila kuhitaji mkalimani.