Furu wa Mwalimu: Kunukuliwa kwa Mtafiti Kunapima Nini?

Aliyekulia kandokando ya Ziwa Viktoria hapa Mara anamjua furu, samaki mdogo mwenye miiba aliyejaa nyavuni kabla sangara hajatawala ziwa. Wengi hawajui kwamba aina moja ya furu ina jina la mwana wa Butiama, Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere. Watafiti wawili kutoka Uholanzi walimpa jina hilo mwaka 1985. Leo wanasayansi humwita Pundamilia nyererei.

Samaki huyu amefika mbali, na mmoja wa waliomfikisha huko ni Axel Meyer, Mjerumani, profesa wa Chuo Kikuu cha Konstanz. Kazi yake ni kuchunguza jinsi maagizo yaliyomo katika jeni yanavyojenga mwili wa kiumbe, na jinsi aina mpya za viumbe zinavyotokea.

Mwaka 1990, miaka miwili tu baada ya kupata udaktari wake Berkeley, Marekani, yeye na wenzake watatu walichapisha makala katika jarida la Nature. Walilinganisha DNA inayorithiwa kwa mama katika aina 14 za furu wenye maumbo yaliyotofautiana sana. Walikuta tofauti ndogo kuliko zile zilizomo ndani ya jamii ya binadamu. Wakahitimisha kwamba furu wa ziwa letu ni ukoo mmoja uliotawanyika kwa muda mfupi, chini ya miaka 200,000.

Mwaka 2018 kundi lake lilieleza katika jarida la Science kwamba jeni iitwayo agrp2 huzuia mistari ya kutoka kichwani hadi mkiani. Furu wa Mwalimu hana mistari hiyo. Jeni hiyo ilipozimwa katika mayai yaliyorutubishwa, samaki walikua wakiwa nayo.

Kazi za namna hii hupimwaje? Kila mtafiti anapoitaja makala ya mwenzake kama msingi wa hoja yake, makala hiyo imenukuliwa mara moja. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kiitwacho h. Tuseme mtu ana makala tano, zilizonukuliwa mara 40, 12, 6, 4 na 1. Kipimo chake ni 4, kwa kuwa makala nne zimefikisha angalau mara nne kila moja.

Hesabu hiyo husaidia, lakini ina mipaka mitatu.

Kwanza, anayenukuu ili kusahihisha naye huongeza idadi. Mwaka 2017 Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao walionyesha kwamba furu wetu wametokana na kuchanganyika kwa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu. Hoja ya 1990 ikapanuliwa na kurekebishwa. Sayansi husonga hivyo, bila aibu kwa yeyote.

Pili, hesabu huficha watu. Makala ya 1990 hutajwa kama “Meyer na wenzake”. Mmoja wa wenzake hao ni P. Basasibwaki, mtafiti wa uvuvi wa Tanzania. Jina lake limo kwenye makala, ila limezama ndani ya neno “wenzake”.

Tatu, ukweli hausubiri kunukuliwa. Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, alichapisha kanuni za urithi mwaka 1866. Alifariki mwaka 1884 karibu bila kunukuliwa na mtu. Dunia ilimgundua mwaka 1900.

Kwa mseminari anayeandika tasnifu, kunukuu ni suala la haki kabla ya kuwa suala la alama. Amri ya saba inakataza kuiba, na ya nane inakataza kusema uongo. Anayetwaa wazo la mwingine bila kumtaja huzivunja zote mbili kwa pamoja.

Kwa waumini wa Musoma, Bunda na Butiama kuna jambo jingine. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 za furu zimetoweka tangu sangara aongezeke, nyingi zikiwa hazijapewa hata jina. Makala inaweza kusubiri miaka 34 kabatini, kama ya Mendel, kisha ikasomwa. Furu aliyekwisha ziwani hasubiri msomaji. Kuwatunza waliobaki ni sehemu ya wajibu wetu kwa kazi ya Muumba.