Kariakoo: fremu chini, juu anakaa nani? (Sehemu ya pili)

Juma lililopita tuliishia pale Waingereza walipoukata mji wa Dar es Salaam mapande matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wakauacha uwanja wa Mnazi Mmoja wazi uwe mpaka. Leo tuuvuke uwanja huo tuingie Kariakoo. Wataalamu wetu wa mipango miji siku hizi hawamalizi sentensi bila kutaja "matumizi mchanganyiko", yaani duka, ofisi na makazi katika jengo moja, nao hulitaja jambo hilo kana kwamba limeshuka jana na ndege.

Nyumba ya Kiswahili ilikuwa nalo tangu zamani. Mbele palikuwa na baraza, na barazani fundi cherehani au meza ya mafungu ya nyanya. Ukipita mlango unaingia kwenye ukumbi mrefu, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha unatokea uani penye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Mwenye nyumba, na aghalabu alikuwa mwanamke mtu mzima, alikaa katika chumba kimoja, vilivyobaki akapangisha. Hapo ndipo ninapotaka tutie nanga. Mama huyu hakupangisha nyumba, alipangisha chumba. Chumba ndicho kilichokuwa kipimo cha bei, na kwa kipimo hicho mchukuzi wa sokoni aliweza kulala hatua mia mbili kutoka kazini kwake. Hakuna aliyeziita nyumba zile "makazi ya gharama nafuu". Zilikuwa nyumba tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mipango ya kuiendeleza upya Kariakoo ikafungua mlango wa maghorofa, na ubia ukawa wimbo wa mtaa. Mwenye kiwanja hana fedha, mfanyabiashara ana fedha ila hana kiwanja. Wanakutana kwa mwanasheria, nyumba ya vyumba sita inavunjwa, linapanda jengo la ghorofa nane au kumi, wanagawana. Pengine warithi wanashindwa kuelewana, kiwanja kinauzwa, kila mmoja anashika njia yake: huyu Mbagala, yule Chanika. Wapangaji wa vyumba hawakai mezani siku ya kugawana. Wao hupewa taarifa.

Kwenye mchoro uliopitishwa, jengo huwa na maduka chini na makazi juu. Nenda Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe saa tatu usiku, inua macho, uhesabu madirisha yenye taa. Nyuma ya vioo vingi hakuna mtu, kuna maboksi ya viatu na marobota ya vitenge. Si kwamba watu wameasi mchoro kwa ukorofi. Ni hesabu. Fremu ya Kariakoo, yaani chumba cha duka, hulipiwa kodi kubwa, na kabla ya kodi kuna kilemba, fedha ya kumtoa aliyekuwamo, ambayo haiandikwi popote. Mwenye duka chini anahitaji stoo karibu, naye yuko tayari kuilipia ghorofa ya nne zaidi kuliko familia yoyote. Kitanda hakishindani na boksi.

Njaa hiyo ya fremu ndiyo inayowafanya wengine wachimbe kwenda chini baada ya kumaliza kwenda juu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa madukani, na zaidi ya 20 wakafa. Taarifa za siku zile zilitaja uchimbaji wa sehemu ya chini ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Nalitaja kwa sababu hatuwezi kuzungumza habari ya bei ya nafasi katika mji huu bila kukumbuka watu wanapelekwa wapi na bei hiyo.

Sasa hiyo "nafuu" yenyewe. Tuchukue nyumba ya Sh milioni 50, bei ambayo wengi wataiita ya chini. Mikopo ya nyumba nchini imekuwa na riba ya kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Tuseme 15, kwa miaka 20. Rejesho la mwezi ni kama Sh 658,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni Sh 500,000. Mtu huyo akifunga kula na asipande daladala, bado anadaiwa Sh 158,000 kila mwezi. Ndiyo maana waliokopa benki kununua nyumba ni wachache mno katika nchi nzima, ingawa sheria ya mikopo ya nyumba na ile ya kumiliki sehemu ya jengo zote zilitungwa mwaka 2008 ili kuwafungulia njia. Wengine wanaendelea kupanga, na tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilipofutwa mwaka 2005, mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali anadai ya kwake juu ya hiyo.

Kuna mfano mmoja unaostahili kutazamwa kwa makini: Magomeni Kota, papa hapa Dar es Salaam. Familia 644 ziliondolewa pale mwanzoni mwa muongo wa 2010 ili pajengwe upya, kisha nyasi zikaota. Mwaka 2016 Rais Magufuli alifika, akaagiza wajengewe na wakae miaka mitano bila kulipa kodi. Machi 2022 Rais Samia akazindua nyumba 644 zilizojengwa na Wakala wa Majengo. Mtu akinionyesha miaka kumi hivi ya kusubiri kwenye vyumba vya kupanga, simbishii; ni mingi. Lakini wengi wa walioondoka walirudi, jambo ambalo Kariakoo halikutokea. Sababu zake ni mbili, nazo hazina siri: ardhi ilikuwa ya umma, na orodha ya majina haikupotea.

Bado pana kasoro. Idadi ya nyumba ililingana na ya familia zilizoondolewa, kwa hiyo mji wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 haukuongezewa hata kaya moja mahali pazuri kama pale. Na aliyekuwa akikaanga maandazi mlangoni kwake haendi na jiko la mkaa ghorofa ya tano. Ukimpa mtu makazi ukamnyima baraza, umemrudishia nusu.

Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lilianza kazi kwa kubomoa vibanda vya udongo na makuti mjini na kujenga nyumba za matofali mahali pake. Leo lina viwanja Kariakoo, na sera yake mpya ya ubia iliyozinduliwa mwaka 2022 imevuta wawekezaji wengi huko huko. Mikataba hiyo hugawa jengo kwa asilimia: huyu hivi, yule vile. Ningeongeza kifungu kimoja tu. Ghorofa mbili zilizo juu ya fremu zipangishwe kwa chumba, kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja, jiko na ua wa kuanikia vikiwa vya pamoja. Na chini, kando ya mlango, zibaki meza chache za wakazi wenyewe zisizotozwa kilemba. Mwekezaji atanung'unika. Kisha atapiga hesabu ya fremu zake, ambazo watu hugombania kuzilipia hata kabla plasta haijakauka, naye atatia saini.